Maji ya Mchele na Mbegu za Mrehani

Muuza mbegu wa Woolwich, London, aliniambia kwamba mrehani ni kiungo cha kutilia kwenye makaroni. Mama alikuwa kando yangu, na nilipomtafsiria alimtazama yule mzungu kwa huruma nyingi. Kwetu Unguja mrehani ni ua. Unafungwa kwenye kikuba pamoja na asumini na waridi, unatandazwa juu ya kitanda cha bibi harusi, na mtu akifa unapelekwa naye hadi kaburini. Sijapata kuuona ndani ya chungu cha mchuzi. "Tumwache huyu, hajui kitu," mama akaninong'oneza, nasi tukatoka na mfuko wetu wa udongo na trei mbili za plastiki, bila kununua mbegu zake.

Mbegu tulikuwa nazo. Mama alikuja nazo kutoka Unguja zimefungwa kwenye pindo la kanga, fundo lisilozidi ncha ya kidole. Asili yake ni mrehani wa mama yake. Kila mwaka maua yakikauka, bibi alikuwa akiyapukusa juu ya ungo na kuweka mbegu za mwaka unaofuata, na mama akaendelea vivyo hivyo. Baada ya Mapinduzi, watu wa mtaa wetu walipokuwa wakiondoka mmoja mmoja, na mimi miongoni mwao, yeye alibaki na baba, akapukusa. Miaka ile ya foleni za mchele alipukusa. Nilipokwenda kumchukua, miaka ya themanini, baba keshafariki na nyumba ishauzwa, mwenye nyumba mpya alikuwa ameng'oa mirehani yote ya uani ili ajenge banda la kuku. Kwa hiyo fundo lile ndilo lililobaki. Likiharibika, mrehani wa bibi umekwisha, na hakuna pa kwenda kuomba mbegu nyingine. Siku tuliyofika London mama alinikabidhi ile kanga kabla hata hajavua koti la kuazima nililomvisha uwanja wa ndege.

"Zioteshe huku, mwanangu," akasema. "Nikiunusa mrehani wetu nitajua nipo kwangu."

Kazi ikawa yangu basi, na niliipokea kwa kiburi. Nilikuwa nikifanya kazi hospitalini, katika chumba cha kusafishia vyombo vya upasuaji. Miaka kumi na mitatu nilichemsha mikasi na visu na makoleo mpaka hakibaki kijidudu, na nilikuwa nikiwatambia wenzangu kwamba mimi sijapata kurudishiwa chombo hata kimoja. Mtu kama huyo ataogopa ukungu wa udongoni?

Tulikaa ghorofa ya tatu, mimi, mama, na binti yangu aliyekuwa akisoma chuo. Ilikuwa Machi. Anayekaa London anajua nyumba inavyokuwa Machi: madirisha yamefungwa tangu Oktoba, nguo zimeanikwa juu ya hita, sufuria inafuka jikoni, na vioo vinatoka jasho mpaka maji yanatiririka kwenye mbao za dirisha. Humo ndimo nilimosia robo ya mbegu. Nikazifunika kwa plastiki zipate joto, nikaiweka trei dirishani. Siku ya sita zikaota, vijani viwili viwili vidogo mno, na mama akavuta kiti akakaa kuvitazama asubuhi nzima. Siku ya kumi udongo ulikuwa umeota manyoya meupe. Miche ilikonda shingoni, ikalala chini, na nilipougusa mmoja ukabaki kwenye kidole changu.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilikwenda maktaba nikaazima kitabu cha bustani, nikakisoma ndani ya treni, nikakuta makosa yote ni yangu. Mbegu zikishaota, ondoa kifuniko. Trei isafishwe kwa maji ya moto. Hewa ipite. Maji yasimwagwe juu. Trei ikalishwe kwenye maji kidogo inywe kwa chini, kisha udongo uachwe ukauke juu kabla ya kunyweshwa tena. Sikubisha. Nilizichemsha trei kwa adabu ileile ya kazini mpaka moja ikapinda, nikanunua udongo mpya, nikasia robo ya pili, na dirisha nikalifungua upana wa kiganja.

Hapo mama akaanza kukohoa. Alikaa kitini pake karibu na dirisha, sweta mbili na blanketi juu, ananitazama.

"Utaniua kwa baridi kwa ajili ya majani?"

"Mama, majani yenyewe si yako?"

"Yangu. Na kifua pia changu."

Nikafunga. Vioo vikatoka jasho, nikaona ukungu unanyemelea, nikafungua. Akakohoa, nikafunga. Wiki nzima ilikwenda hivyo, nachagua baina ya mama yangu na mbegu za mama yake, na kila nilichochagua nilijuta kabla sijakaa chini.

Lililonitia wazimu zaidi ni kwamba udongo ulikuwa haukauki. Kila jioni nikirudi kazini natia kidole, na kila jioni umelowa chapachapa, wakati mimi nina siku nne sijainywesha trei. Tena ukaanza kutoa harufu ya uchachu. Nikalilaumu jengo. Nikailaumu manispaa kwa kuta zao zinazovuja. Nikailaumu nchi nzima ya Waingereza, na mvua yao, na jua lao linalotoka kwa kuona haya. Ukungu ukarudi mweupe vilevile, na juu yake mwingine wa kijivu, na miche yote ikalala. Nusu ya fundo ilikuwa imekwisha.

Robo ya tatu nikaisia. Wiki ileile, asubuhi moja, treni zilisimama, nikageuza njia na kufika nyumbani kabla ya saa tano. Mama alikuwa dirishani, kanga kiunoni, bakuli mkononi, anamimina kwenye trei maji meupe. Jikoni, mchele uliokwisha oshwa ulikuwa ndani ya sufuria.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazinywesha," akasema, wala hakushtuka. "Mrehani haunyweshwi maji matupu. Huu umelelewa kwa maji ya mchele."

Na ni kweli. Uani kwetu maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa ovyo hata siku moja. Yalikuwa haki ya mrehani na mawaridi. Miaka ya foleni, mchele ukipatikana kwa taabu, watu walikula wali na mrehani ukanywa maji yake, ndivyo mama alivyokuwa akiniandikia kwenye barua. Lakini kule ni ardhini na juani. Maji yanazama, jua linakausha, na kinachobaki wanakula sisimizi. Ndani ya trei ya plastiki, kwenye dirisha la Woolwich, wanga wote unabaki juu, na ukungu hautaki karamu kubwa kuliko hiyo. Nikamweleza hayo taratibu, nimemshika mkono, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi sitozinywesha tena," akasema. "Ungenambia tokea mwanzo."

Kesho yake udongo ulikuwa umelowa.

Nikamwambia tena, akakubali tena. Siku ya tatu nilificha bakuli, akatumia kikombe. Siku ya nne niliikuta trei imejaa maji meupe mpaka ukingoni, mbegu zinaelea, na hasira zikanipanda hata nikamwambia mama yangu mzazi, mbele ya mjukuu wake, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mpaka leo neno hilo nikilisikia kwa mtu mwingine uso unaniwaka. Mama hakunikaripia, na haki alikuwa nayo. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Uliniambia lini?"

Binti yangu alikuwa mezani na vitabu vyake. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba siku anazokuwa nyumbani humwona bibi akiosha mchele mara tatu au nne, kila mara akidhani ndiyo mara ya kwanza, na kila mara maji yake huyapeleka dirishani. Nikamuuliza mbona hakunambia.

"Nilidhani unajua," akasema.

Nilipaswa kujua. Mchele ulikuwa ukiisha upesi, nikadhani ni mtoto anayekua. Friji lilijaa vibakuli vya wali, nikamsifu mama kwa kutupikia. Mwezi na zaidi nilikuwa natia kidole kwenye udongo nikitafuta ugonjwa wa miche, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitini hatua mbili kutoka nilipo. Niliingia chooni nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia.

Nikampeleka kwa daktari, mwanamke mpole aliyeniomba nitafsiri tu, nisimsaidie mgonjwa. Akamuuliza leo siku gani. "Mwulize huyu, ndiye anayekwenda kazini," mama akajibu. Akamuuliza yuko wapi. "Kwa mwanangu," mama akasema, na sijui kwa nini jibu hilo halikuhesabiwa kuwa sahihi. Akamuuliza ni mwezi gani. "Mfunguo Pili," mama akasema bila kusita. Sisi tulikuwa ndani ya Rajabu. Nikamwambia daktari kwamba mama anahesabu kwa miezi yetu ya Kiislamu, na kwamba amepatia. Daktari akanitazama, akaandika. Mwisho alieleza kwamba kilichokwisha potea hakina dawa ya kukirudisha, na kwamba kitaendelea kupotea, na mimi nijitahidi kupumzika. Nilimtafsiria mama kwamba daktari anamsalimia na anamwombea afya.

Kazini nilikuwa na shoga yangu, Mhindu, mzaliwa wa Unguja kama mimi, aliyekuwa akitoka Rayners Lane, upande wa pili wa London, kila asubuhi. Tulikuwa tukisimama pamoja kwenye sinki miaka yote hiyo, tunazungumza Kiswahili chetu, na wakubwa wetu wanadhani tunawasengenya, na mara nyingine ni kweli. Siku hiyo nilimweleza yote. Hakunipa pole. Aliuliza:

"Shoga, mbegu zimebaki ngapi?"

"Robo ya fundo."

"Niletee kesho. Zote, usibakishe."

Kwao mrehani ni kitu cha ibada, si huu wetu hasa lakini ni ndugu yake, na yeye kila mwaka huuotesha ndani kabla baridi haijaisha. Ukungu aliujua kwa tabia zake zote. "Unazisia mbalimbali, usizirundike," akanambia huku anakausha mikono. "Unainywesha trei kwa chini, halafu unaisahau. Juu unanyunyiza mdalasini wa unga, kidogo tu, ukungu haupatani nao. Na feni ndogo iipulizie miche kwa mbali, majani yacheze. Hakuna uchawi."

"Na mama je? Asubuhi atakwenda dirishani na bakuli lake."

"Mwachie trei yake. Mtilie udongo mtupu. Anyweshe atakavyo."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Basi mpe robo iliyobaki aizamishe," akasema, akageukia kazi yake.

Alfajiri iliyofuata, mama yupo kwenye msala wake anasali, nilifungua pindo la kanga nikatoa mbegu zote nikazitia ndani ya bahasha. Mahala pake nikaweka kipande cha pamba ili fundo lisikose kitu, nikalifunga kwa namna yake, mara mbili na kukaza kwa meno. Mikono yangu iliyokuwa ikisifiwa hospitali nzima ilikuwa inaiba. Alipomaliza kusali na kugeuka alinikuta nimesimama katikati ya chumba. Akaniambia nisichelewe treni.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote cha bustani: kulinda udongo usio na mbegu usiote ukungu. Maana maji ya mchele aliendelea nayo, na ukungu haujali kama kuna mche au hakuna. Kila alfajiri, naye yuko kwenye sala, nilikuwa nachukua kijiko nakwangua meupe yote, natia udongo mkavu, nasawazisha kwa mgongo wa kijiko. Sikutaka aone vimeharibika vitu vyake. Nikanyunyiza na mdalasini. Nikainunulia na feni. Hata dirisha nililifungua, kwa vile ilikuwa Mei na kikohozi kimeshapoa. Mambo yote niliyoshindwa kuyafanya kwa mbegu nilifanya kwa udongo mtupu, na ninaapa, trei ile ilipendeza.

Akimaliza chai yake mama anavuta kiti.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Huku jua lenu vivu. Zitaota."

Baada ya saa moja ananiuliza tena, nami najibu tena. Jumamosi na Jumapili nilikuwa najibu mara kumi, na sikumkaripia hata mara moja, si kwa sababu nimekuwa mwema bali kwa sababu niliogopa. Mwezi wa Juni aliuliza baba yuko wapi. Julai alimwita binti yangu kwa jina langu. Kila kilichoondoka kiliondoka kimyakimya, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nina kijiko mkononi.

Kutoka Rayners Lane habari zilikuja nzuri. Zimeota kumi na saba. Zimesimama. Nimezihamishia kwenye vyungu. Shoga yangu alikuwa ananipa habari hizo kwenye sinki, nami nilifurahi kwa namna ya mtu anayesikia mwanawe amefaulu mtihani katika nchi ya mbali. Mwezi wa Agosti akasema, "Umetoa maua. Jumapili naja nao."

Alikuja kwa treni, chungu kakipakata njia nzima. Nilimfungulia mlango, na kabla hajavuka kizingiti mama aligeuza kichwa kule kitini.

"Mrehani huo," akasema.

Aliinuka mwenyewe, mtu ambaye wiki ile ilibidi ashikwe mkono. Akachuma jani moja akalipekecha baina ya vidole, akalinusa amefumba macho. Maua yalikuwa meupe yenye rangi ya zambarau kwa mbali, na sebule yote ikanukia. Mwezi wa Aprili niliwahi kumletea mrehani wa dukani, akaunusa mara moja na kusema huu ni wa yule mzungu wa makaroni, kwa hiyo nilijua pua yake haidanganyiki.

"Huu wa kwetu," akasema. "Huu wa mama."

Nilisahau kila alichosema daktari. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yote kwa pumzi moja, fundo, bahasha, pamba, Rayners Lane. "Ni wako, Mama. Mbegu zako hizi. Zimeota. Mrehani wa bibi haukuisha."

Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia shoga yangu, akamrudishia chungu mikononi kwa heshima.

"Mashaallah, mwanangu, una mkono wa baraka. Utunze, na mbegu zake usigawe ovyo." Akanyoosha kidole dirishani. "Mimi zangu zile pale. Bado. Lakini zitaota, mbegu za mama hazijapata kunitupa."

Nikasema, "Mama." Shoga yangu alibaki amekumbatia chungu, hajui akiweke wapi. Mama alikwenda jikoni taratibu, akarudi na bakuli la maji ya mchele, akafika dirishani, maji yakamwagika kidogo kwenye kanga.

"Nimiminie wewe," akanambia. "Leo mkono hauna nguvu."

Nikalipokea bakuli nikamimina maji meupe juu ya udongo nilioutia mwenyewe kwa kijiko alfajiri ile. Mama akanishika mkono.

"Polepole," akasema. "Utaziumiza."